Kabla Hatujavaa Viatu vya Mwenzetu

Akina mama wenzetu, bila shaka msemo huu mmekwisha kuusikia: "Jiweke kwenye viatu vyangu." Wanafunzi wa sekondari wanausema, watangazaji wa redio wanausema, na huku kwetu Bungu unasikika hata katika vikao vya kusuluhisha ndoa. Mume anamwambia mkewe, mke anamrudishia mumewe, na binti naye anamwambia mama yake. Kila mmoja anamtaka mwenzake avae viatu vyake, na kikao kikiisha kila mmoja anaondoka na viatu alivyokuja navyo.

Katika mazungumzo yetu ya akina mama tumeona vema tuutazame msemo huu kwa utulivu. Una maana gani? Unatumiwa wapi, na wapi unaleta ugomvi? Tena, je, sisi wenyewe hatukuwa na maneno ya kusema jambo hilo kabla haujatufikia?

Asili yake na maana yake

Msemo huu si wa Kiswahili cha asili. Umetoka kwa Waingereza, nao husema kuwa mtu yumo katika viatu vya mwenzake wakiwa na maana kwamba yumo katika hali yake. Mwingereza akisema hapendi kuwa katika viatu vya fulani, ana maana kwamba taabu iliyompata fulani ni kubwa na asingependa impate yeye. Na akikuambia ujiweke katika viatu vya mtu, anakuomba kabla ya kulaumu ufikirie kwanza: ingekuwa wewe, ungefanyaje?

Wamarekani nao wana usemi unaokaribiana na huo, kwamba usimhukumu mtu mpaka utembee maili moja katika viatu vyake. Usemi huo unahusishwa na shairi la Mary Torrans Lathrap wa jimbo la Michigan, mhubiri wa Kimethodisti aliyepigana sana na ulevi, akafariki mwaka 1895. Viatu vinavyotajwa humo ni vile vya ngozi laini walivyovaa wenyeji wa asili wa Marekani. Inatupendeza kwamba mawaidha hayo yanahusishwa na mwanamke. Mtu aliyefanya kazi katikati ya nyumba zilizovunjwa na pombe alikuwa na sababu ya kuwaambia watu wasiwe wepesi wa kuhukumu.

Basi nia ya msemo ni njema. Unahimiza kumfikiria mwenzako. Shida yetu haiko katika nia, iko katika namna tunavyoutumia.

Viatu vya aina mbili

Kwanza kuna kuchanganya. Waingereza wana msemo mwingine wa viatu, nao una maana tofauti kabisa. Mtu akishika kazi au cheo cha mwenzake aliyeondoka, husema ameingia katika viatu vyake. Msemo huu nao tumeupokea. Mwenyekiti akistaafu, watu huuliza ni nani atakayevaa viatu vyake; na aliyeondoka akiwa mtu mashuhuri, husema kwamba ameacha viatu vikubwa.

Kwa hiyo viatu vya kwanza ni vya kumhurumia mwenzako, na viatu vya pili ni vya kukaa mahali pake. Tofauti hiyo si ndogo, hasa kwetu sisi wanawake walioolewa. Mwambie shoga yako, "Najiweka katika viatu vyako," ataelewa kwamba unamwonea huruma. Lakini mwambie, "Nimevaa viatu vyako," na hasa mumewe akiwa anasikia, uone kama mtaagana kwa amani! Huku pwani mambo ya ukewenza yanajulikana, na mwanamke anayesikia kwamba mwingine amevaa viatu vyake haulizi mara mbili.

Tena kwa hilo la cheo, Kiswahili hakikuwa na upungufu. Mwaka 1985 Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka, aliyempokea urais alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Mkuranga katika mkoa wetu huu wa Pwani. Mzee Mwinyi, aliyefariki Februari 2024, anakumbukwa kwa kujifananisha na kichuguu, na kumfananisha Mwalimu na Mlima Kilimanjaro. Hakuhitaji kutaja viatu vya mtu. Kila aliyesikia alielewa, na wengi walimpenda kwa unyenyekevu wake.

Wazee wetu walisemaje

Sasa turudi kwenye viatu vya huruma. Tulipowauliza mabibi zetu wangesemaje kwa maneno yao, walianza kwa kucheka. Mmoja wao alisema ujana wake wote alitembea peku, na alipopata kandambili zake za kwanza asingekubali mtu azivae hata kwenda kisimani. Kisha wakatupa maneno yao. Walisema, "Jiweke mahali pake." Wakasema, "Ingekuwa wewe?" Maneno hayo mawili tu, kwa sauti ya upole, yanatosha.

Halafu wakatupa methali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Hebu tuzitazame vizuri methali hizi, maana hazisemi sawasawa na msemo wa Waingereza. Mwingereza anakuambia, "Vaa viatu vyake, utajua." Wazee wetu wanasema, "Hukukilalia kitanda hiki, basi hujui." Wa kwanza anatumaini kwamba ukiwaza kwa bidii utaifahamu hali ya mwenzako. Wa pili wanakuonya kwamba kuwaza hakutoshi. Mwenye kujua kunguni ni aliyelala nao, na wewe ukitaka kujua huna budi kumwuliza.

Tunaona kwamba hapo ndipo penye jambo la maana. Mtu anaweza kujiweka katika viatu vya mwenzake kwa mawazo, huku miguu anayotembelea ni yake mwenyewe. Anajiuliza, "Mimi ningefanyaje?" na kujijibu kwa akili yake, kwa fedha yake na kwa mume wake. Kisha anarudi na hukumu ileile, akidhani kwamba sasa amehukumu kwa haki.

Somo la bonde la Rufiji

Sisi wa Bungu tuna mfano wa jambo hili karibu nasi. Mji wetu uko juu, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti na kusini. Ardhi yetu ni ya mchanga, yenye mikorosho, minazi na muhogo. Hapa ndipo msafiri wa Mafia anapoiacha barabara kuu na kushika njia ya Nyamisati ili akapande chombo. Lakini tukishuka kusini tunafika bonde la mto Rufiji, na mashariki yake iko delta yenye mikoko, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko watu wanaishi na maji. Wengi wetu tuna wakwe, mawifi na mashangazi huko.

Kila mafuriko yanapokuja, swali ni lilelile: "Hawa watu kwa nini hawahami?" Anayeuliza anadhani amejiweka katika viatu vyao. Anasema, "Ningekuwa mimi ningekwisha kuhama zamani."

Swali hilo limekwisha kujaribiwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya nchi ya juu, katika kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema: watu wawe salama, wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Mengine katika hayo walipata. Lakini mashamba yalibaki bondeni, kwa kuwa rutuba ilibaki bondeni. Mto ule ule unaozamisha nyumba ndio unaoleta tope jipya linalolisha mpunga. Maji yakipungua, mkulima wa bonde hupanda mazao ya mlau, yaani mahindi, kunde na mboga zinazoota kwa unyevu uliobaki ardhini, hata kama mvua haipo. Mafuriko hujaza pia maziwa ya bondeni, na maziwa yakijaa samaki wanapatikana. Mchanga wa juu hauwezi kutoa mambo hayo.

Ikawaje? Watu walikuwa na nyumba juu na chakula chini. Wakati wa kilimo walishuka, wakajenga madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakakaa humo wiki hata miezi kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Sisi akina mama tufikirie maana yake. Mama yuko kwenye dungu ng'ambo ya mto, mtoto wa shule yuko kijini juu na bibi yake au ndugu yake mkubwa. Akibaki na mtoto, hakuna chakula. Akienda shambani, mtoto anakosa mama. Na mtoni kuna mamba na viboko. Mtu aliyekaa ofisini akiwazia mafuriko tu asingeweza kuliona jambo hilo. Lakini mwanamke yeyote wa bondeni, kama angeulizwa, angelisema pale pale.

Aprili 2024 mafuriko makubwa yalikuja tena katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Nyumba zilizungukwa na maji, mashamba ya mpunga na mahindi yakazama, watu wakaondolewa kwa mitumbwi na boti. Hapa kwetu wanawake walikutana, Wakristo kwa Waislamu, ili kukusanya msaada. Kabla hatujatoa hata khanga moja, mama mmoja mzaliwa wa bondeni alisimama, akasema, "Jamani, tuwaulize kwanza." Tukatuma neno kwa jamaa zetu.

Majibu yalitufundisha. Nguo walihitaji, ndiyo, hasa khanga na nguo za watoto. Walihitaji sufuria, vyandarua, na vitambaa vya wanawake vya kila mwezi, jambo ambalo mwanamke hawezi kulisema mbele ya wanaume wanaogawa unga. Lakini neno lililorudiwa zaidi lilikuwa mbegu. Maji yatapungua, walisema, na udongo utabaki na unyevu kwa siku chache tu. Asiyekuwa na mbegu mkononi siku hizo, mlau umempita, na njaa yake itakuwa ya miezi mingi. Sisi wa juu tuliwazia maji yaliyopo. Wao walikuwa wanawazia mavuno yajayo. Kwa hiyo mbegu zikaingia kwenye orodha, tena juu kabisa. Pale ndipo tulipoelewa vizuri methali ya kitanda na kunguni.

Ndani ya nyumba zetu

Hatuhitaji kusafiri mpaka bondeni ili kulitumia somo hili. Kitanda cha mwenzako kinaweza kuwa chumba cha pili katika nyumba ileile.

Tumtazame mume anayerudi jioni kimya, asiyetaka kuulizwa. Mke anajiweka katika viatu vyake, anajiambia, "Mimi ningekuwa kimya namna hii, ingekuwa kwa sababu nimekasirika." Basi naye anakasirika, chakula kinawekwa mezani kwa kishindo. Kumbe mwenzake ameambiwa kazini kwamba mkataba hautaendelea, naye anatafuta maneno ya kumwambia mkewe. Ukimya wa mtu mmoja hauna maana sawa na ukimya wa mwingine. Swali moja la upole wakati wa utulivu lingefaa kuliko mawazo ya usiku kucha.

Tumtazame binti wa kazi. Mama mwenye nyumba anasema, "Anakula, analala, ana mshahara, anataka nini zaidi? Mimi katika umri wake nililima." Amejiweka katika viatu vya binti huyo, lakini kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Yeye alilima shamba la mama yake, na jioni akalala karibu na mama yake. Binti huyu yuko mbali na kwao, na pengine hakuna aliyemwuliza mama yake anaendeleaje tangu amekuja.

Na tuwatazame watoto wetu wakubwa. Binti akikuambia, "Mama, jiweke kwenye viatu vyangu," wengi wetu tunasikia utovu wa adabu. Tunajibu, "Viatu hivyo nani alikununulia?" Kicheko kinapita, na mazungumzo yamekwisha. Lakini tukiyaweka kando maneno ya kigeni na kusikia ombi lililomo, binti anasema tu, "Mama, niulize." Mama mwenye hekima atamketisha jikoni, ampe nazi akune, amwulize polepole. Mengi husemwa juu ya mbuzi ya nazi ambayo yasingesemwa uso kwa uso.

Halafu kuna siku ambayo viatu vya mwenzako havivaliki kabisa. Mama kijana wa jumuiya yetu alifiwa na mtoto wake wa kwanza, wa miezi saba. Watu walijaa, kila mmoja na neno lake. Huyu akasema, "Najua unavyojisikia." Yule akasema, "Wewe bado kijana, utapata mwingine." Waliosema hivyo hawakuwa na nia mbaya. Lakini baadaye mfiwa alisema kwamba maneno yale yalimchoma, kwa kuwa hakuwa anataka mtoto mwingine, alikuwa anamtaka yule. Aliyemfariji, alisema, ni bibi mmoja jirani, Mwislamu, aliyefika kila asubuhi kwa siku saba. Alifagia ua, akajaza maji kwenye ndoo, akaketi naye mkekani bila neno. Siku ya nane akamwuliza, "Alikuwa anapenda kuchezea nini?" Ndipo mama yule alipozungumza kwa mara ya kwanza, akamtaja mtoto wake kwa jina, akalia mpaka akapata usingizi.

Bibi yule hakusema anajua. Alikaa, kisha akauliza.

Tuanze kwa kuvua

Huku pwani hatuingii nyumbani kwa mtu na viatu. Tunapiga hodi, tunangoja tuambiwe karibu, tunavua makubazi mlangoni, ndipo tunakanyaga mkeka wake. Tunadhani desturi hii inaufafanua msemo wa viatu kuliko maelezo mengi. Kabla ya kuvaa vya mwenzako, vua vyako. Acha mlangoni haraka yako, mfano wako mwenyewe, na ile "mimi ningekuwa yeye". Musa naye, alipokikaribia kile kijiti kilichowaka moto, aliambiwa avue viatu kwanza ndipo asikilize.

Msemo wenyewe hatuukatazi. Lugha hukopa, nao umekwisha kuwa wetu. Lakini tuutumie mahali pake. Ukitaka kusema kwamba mtu ameshika kazi ya mwingine, sema ameshika nafasi yake, usije ukaleta fitina. Ukitaka kumwomba mwenzako akufikirie, sema, "Ingekuwa wewe?" au "Jiweke mahali pangu." Tena uwe mwepesi zaidi wa kujiambia wewe mwenyewe maneno hayo kuliko kumwambia mwenzako. Tuliyoyaona katika vikao vya ndoa ni kwamba msemo huu unapona ukielekezwa kwa nafsi yako, na unaumiza ukirushiwa mwenzako.

Na badala ya "najua unavyojisikia", tujizoeze maswali matatu haya: Imekuwaje? Kinachokusumbua zaidi ni kipi? Ungependa nikusaidie nini? La tatu ndilo lililotuletea jibu la mbegu.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 13, anatutaka tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Neno zito ni lile "pamoja". Kuwaza ukiwa mbali ni mwanzo tu. Kwenda, kuketi na kuuliza ndiko kuwa pamoja.

Mwisho tukumbuke neno moja la huku kwetu. Kanisani tukisema imani, tuna maana ya kumwamini Mungu. Lakini sokoni na vibarazani, mtu wa pwani akisema fulani "hana imani", ana maana kwamba hana huruma, hamfikirii mwenzake. Na mwenye shida huomba, "Nionee imani." Mama Mkristo anayeishi katikati ya majirani hawa anapimwa kwa maana zote mbili. Jirani yake hawezi kuiona ile ya kwanza moyoni mwake, ila ile ya pili anaiona kila siku, kisimani, dukani, na kwenye mlango wa mfiwa.